Korosho zinahesabika, mchele je?

Hizi twisheni za Kiingereza za jioni hapa Mtwara zinaniudhi sana. Mtoto anakaririshwa tu: "many" kwa vinavyohesabika, "much" kwa visivyohesabika, basi. Akiandika "many rice" anachapwa! Lakini mchele si una punje, na punje zinahesabika? Anayeuliza hivyo ana haki kabisa ya kujibiwa. Mwambieni Kiingereza kinauchukulia mchele kama maji au chumvi, kitu cha kupimwa kwa kilo au kikombe. Korosho ni moja moja, ndiyo maana ni "many cashews". Na fanicha, ingawa viti tunavihesabu, nayo imo kwenye "much". Hapo ndipo pa kukaa na mtoto, taratibu. Halafu mifano yenyewe ni theluji! Theluji, Mtwara?