Gemu za anime za mkononi: lawama iende kwa mashine au kwa haraka?

The Legacy of Goku, gemu ya shujaa wa Dragon Ball Z, mojawapo ya anime (katuni za Kijapani), ilitoka mwaka 2002 kwa Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya Nintendo. Mchezaji akimsogelea adui ampige ngumi, mara nyingi ndiye anayepigwa kwanza, kwa kuwa mkono wa Goku haufiki mbali. Anaishia kusimama kando na kurusha mipira ya nguvu mpaka akiba inaisha, anangoja ijae, kisha anarudia. Mwaka uliofuata studio ileile, Webfoot Technologies, ikatoa sehemu ya pili kwenye mashine ileile. Safari hii ngumi zilifika, wahusika wa kuchezwa walikuwa kadhaa, na yapo maeneo yaliyofunguka tu kwa mhusika fulani aliyefikia kiwango fulani.

Kila anapotokea mtu wa kusema kwamba gemu za anime za mkononi ni dhaifu kwa sababu vyombo vyenyewe ni dhaifu, jozi hiyo inastahili kuwekwa mezani. Chombo hakikubadilika hata kidogo.

Hata hivyo wanaolaumu chombo wana hoja, na hesabu iko upande wao. Katriji (kadi ya gemu inayochomekwa) ya Game Boy Advance kwa kawaida ilikomea megabaiti 32, na nyingi zilitoka na 8 au hata 4, maana kumbukumbu kubwa iliongeza gharama ya kila nakala. Picha moja ya mhusika yenye pikseli 64 kwa 64 na rangi 16 inachukua kilobaiti 2. Mpe mpiganaji fremu 200 za kutembea, kupiga na kuanguka, tayari ni kilobaiti 400. Wapiganaji 20 wanakula takriban megabaiti 8, kabla hujaweka mandhari wala muziki. Sauti ina njaa zaidi: hata kwa ubora duni wa biti 8 na sampuli 16,000 kwa sekunde, dakika moja ni karibu megabaiti 1. Kubana data kunapunguza mzigo, lakini hakuwezi kuingiza humo maongezi ya msimu mzima. Ndiyo sababu kisa kilichomliza mtazamaji kwenye televisheni kinasimuliwa kwa sura mbili zilizoganda na visanduku vya maandishi.

Vitufe navyo vilibana. Mashine hiyo ina A, B, L na R, ukiacha Start na Select. Shujaa wa anime anataka kupiga, kurusha nguvu, kujikinga, kuruka, kujaza nguvu na kubadilika umbo. Matendo sita kwenye vitufe vinne yanalazimu viwili vibonyezwe pamoja, na pambano likipamba moto kidole kinatoa kitendo ambacho hakikukusudiwa. PSP, mashine ya mkononi ya Sony, ilipoleta mapambano ya pande tatu ikaja na kijiti kimoja tu. Kidole gumba kinachomwendesha mhusika hakiwezi papo hapo kuzungusha kamera, kwa hiyo watengenezaji wakaifunga kamera kwa adui mmoja. Akiingia wa pili kutoka mgongoni, unapigwa na usiyemwona.

Mashine haikuhusika, lakini, na uamuzi wa kusimulia kisa kilekile tangu mwanzo kila mara. Bleach: Heat the Soul ilipata matoleo saba kwenye PSP kati ya 2005 na 2010. Gemu hizi hutakiwa dukani wakati anime ingali hewani. Kisa hakijaisha, muda ni mfupi, basi mfumo wa zamani unaongezewa wahusika wapya na sura chache za hadithi. Watetezi husema mtoto anayenunua gemu yake ya kwanza anahitaji kuanzia mwanzo, na kwamba kuurudia mfumo kunatoa nafasi ya kurekebisha makosa. Ni kweli kwa mnunuzi mpya. Aliyenunua matoleo matatu yaliyotangulia analipia upya vita alivyokwisha kuvishinda.

Haraka hiyohiyo ndiyo inayozaa mabosi (maadui wakubwa wa mwisho wa hatua) wasiokufa. Kuongeza uhai wa bosi mara tatu ni kubadili namba moja kwenye jedwali. Kumchorea mashambulizi mapya ni kazi ya wiki kadhaa. Kumtambua bosi wa namna hiyo ni rahisi: kama ndani ya dakika ya kwanza ameshaonyesha kila alicho nacho na bado uhai wake uko nusu, hapo kazi imelipuliwa.

Sasa tazama waliofaulu. Astro Boy: Omega Factor ya 2003 ilimpa mchezaji shujaa mmoja tu. Kila anapokutana na mhusika mpya wa ulimwengu wa Tezuka, mchoraji aliyemuumba Astro Boy, anapata nafasi ya kuukuza mmoja wa uwezo wake, hivyo kuifuata hadithi ndiko kupata nguvu. Hata kurudia hatua za awali kumefanywa sehemu ya kisa. Jump Ultimate Stars ya 2006 ilitumia skrini ya kugusa ya Nintendo DS: unapanga vipande vya manga (vibonzo vya Kijapani) kwenye nafasi 20, kimoja kinaleta mpiganaji, kingine msaidizi, na katikati ya pambano unakigusa tu. Tatizo la vitufe likaisha bila kitufe kuongezwa. Dragon Ball Z: Supersonic Warriors ya 2004 ikakwepa marudio kwa kumpa mhusika hadithi ya "ingekuwaje kama". Zote zilichagua jambo dogo na kulikamilisha, badala ya kuibana gemu ya televisheni mpaka iingie mfukoni.

Pigo ambalo ubunifu hauwezi kulikwepa ni leseni, yaani ruhusa ya kuuza gemu ya wahusika wa mtu mwingine. Jump Ultimate Stars haikuuzwa rasmi nje ya Japani. DS haikuzifunga kadi zake kwa eneo, yaani kadi ya Japani ilikubali kwenye mashine ya nchi nyingine, hivyo iliwezekana kuiagiza, ila maandishi ni Kijapani kitupu. 3DS, mrithi wa DS, ikafunga kabisa mlango huo, na duka lake la mtandaoni likaacha kuuza Machi 2023. Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata, imeondoa visingizio vingi vya vitufe na kumbukumbu, lakini mkataba bado una nguvu kuliko kichakataji: Jump Force, gemu ya kupigana yenye wahusika wa anime mbalimbali, ilifika humo Agosti 2020, na Februari 2022 ikaondolewa kwenye maduka ya kidijitali. Aliyekwisha kuinunua anaweza kuicheza bila mtandao. Aliyekuwa akingoja punguzo hana tena pa kuipakua.