Mahitaji ya afya ya mialo ya Kigoma hayamo yote katika daftari la zahanati

Halmashauri inapoandaa Mpango Kabambe wa Afya, takwimu za kwanza kuwekwa mezani ni zile za MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, ambazo hukusanywa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali: waliougua malaria, waliojifungua, watoto waliochanjwa. Takwimu hizo ni za lazima, na wauguzi wanaozijaza huku foleni ikiwasubiri wanastahili heshima yetu. Hata hivyo, kwa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vyenye mialo, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga na kushusha samaki, naamini kwamba kuzitegemea peke yake ni kupanga kwa ajili ya waliofika na kuwasahau wasiofika. Mama aliyejifungulia ndani ya mtumbwi akiwa njiani, mvuvi aliyenunua vidonge dukani akarudi ziwani jioni ileile, mtoto anayeharisha katika kambi ya wavuvi: hao mara nyingi hawamo daftarini, ilhali pengine ndio wenye haja kubwa kuliko wote.

Tuchukue malaria. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliuonyesha mkoa wa Kigoma ukiongoza Tanzania Bara, ambapo takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikutwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 7. Miaka mitano baadaye, jirani zetu wa Tabora ndio waliokuwa juu, kwa asilimia 23. Tarakimu hizi zinatosha kumshtua yeyote mwenye mtoto, lakini hazimwambii mganga mfawidhi wa zahanati ya kando ya ziwa, kule Uvinza, kwa nini dawa zake humalizika mapema. Jibu la swali hilo limo katika maisha ya watu. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku, kwa taa. Kwa hiyo baba analala mchana na kukesha majini, na wanawake wanaonunua dagaa wanakuwa ufukweni kabla ya mapambazuko kusubiri mitumbwi. Chandarua kimetundikwa nyumbani, tena kizima, lakini saa ambazo mbu wanauma hakuna mtu mzima chini yake. Mtaalamu anayeuliza tu kama kaya ina chandarua ataandika "ndiyo" na kuondoka akiwa ameridhika.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba tathmini ya mahitaji ianze kwa kufuata kalenda ya wenyeji. Usiku wa mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, na wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kukarabati mitumbwi. Huo ndio wakati wa kuitisha mkutano wa kijiji kuhusu afya, kupima kichocho, kuzungumza na vijana wanaohama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine. Mkutano ukiitishwa katika siku ambazo usiku hauna mwezi, saa nne asubuhi wavuvi wakiwa wamelala baada ya kukesha, watakuja wazee na wajumbe wa serikali ya kijiji, kisha muhtasari utaandikwa kwamba jamii imeshirikishwa. Mimi siuiti huo ushirikishwaji.

Suala la choo na maji nalo linahitaji macho ya aliye karibu. Penye mchanga na maji yaliyo juu, shimo la choo hubomoka au hujaa, hivyo kumlaumu mwananchi kwamba hana mwamko ni kumwonea. Anahitaji fundi na aina ya choo inayofaa ardhi ile. Mwezi Mei 2015 Kagunga ilitufundisha kwa uchungu jambo hili. Makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana katika kijiji hicho kilichobanwa na milima na ziwa, kipindupindu kikalipuka, maelfu wakaugua na watu wapatao 30 wakafariki, huku MV Liemba ikiwasafirisha walionusurika hadi mjini Kigoma. Kwa kiasi kidogo, hali ya aina hiyo hujirudia katika kambi za wavuvi kila samaki wanapokuwa wengi: wanaokunywa maji ya ziwa huwa wengi kuliko waliomo katika rejesta ya wakazi, na dawa ya kutibu maji huagizwa kwa kufuata rejesta.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuziba pengo hili, kwa sababu wanaijua kambi iliyofunguliwa wiki iliyopita na nyumba yenye mjamzito. Wapewe posho ya uhakika na nauli ya boti, na wanayoyakusanya yawekwe mezani pamoja na MTUHA. Kisha majibu yarudi kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mmoja kati ya hiyo, kabla bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa, usomewe kwa sauti kile kilichobainika, kilichoombwa, na kilichokataliwa pamoja na sababu zake, ili kamati ya zahanati iwe na la kudai na mganga mfawidhi awe na la kujibu.