Nukta ya kijani isiyotoa maji

Oktoba mwaka jana nilihudhuria kikao cha wadau wa maji katika wilaya moja ya kanda ya kati. Mapazia ya ukumbi yalikuwa yamefungwa ili picha ya projekta ionekane, na joto lilikuwa limetubana. Ukutani ilikuwepo ramani ya wilaya nzima. Kila kituo cha kuchotea maji kilikuwa na nukta yake: kijani kama kinatoa maji, njano kama kinahitaji matengenezo, nyekundu kama kimekufa. Kijana wa shirika lililoitengeneza akabofya nukta moja ya kijani. Kikafunguka kidirisha chenye jina la kitongoji, aina ya pampu, mwaka kisima kilipochimbwa, na picha. Ukumbi mzima ukaguna kwa kuridhika.

Mama mmoja wa kamati ya maji, aliyeketi mstari wa nyuma, akanyoosha mkono. "Samahani mwanangu, hicho ulichokifungua ni cha kwetu. Hakijatoa maji tangu tulipovuna mtama. Sisi tunachota korongoni."

Kijana alijibu kwa adabu kwamba taarifa zile zilikusanywa na watu waliofika kisimani kwa miguu yao, na picha ipo. Alikuwa anasema kweli. Kwenye picha maji yalikuwa yanamiminika kwenye ndoo ya bluu. Akamshukuru mama, akaenda ukurasa unaofuata, na saa nane tukatoka kula.

Kikao kile hakijanitoka kichwani. Kazi yangu ni takwimu, na ramani za namna hii ndizo zinazonilisha. Naamini kwa moyo wote kwamba ramani inayobofyeka, ikiwekwa mbele ya watu wanaogawa fedha, ina nguvu ambayo ripoti ya kurasa mia haina. Lakini nguvu hiyo inaanza pale mtu anapoibishia. Mama yule aliponyoosha mkono, ndipo ramani ilipoanza kufanya kazi iliyotengenezewa. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mahali pa kuandika alichosema.

Suala la maji lenyewe ni zito kuliko tunavyolizungumza. Wizara ya Maji ya Tanzania ilishapita nchi nzima kuorodhesha vituo vya maji kimoja baada ya kingine, na sehemu ya kumbukumbu hizo, zilizokusanywa hasa kati ya 2011 na 2013, iliwekwa hadharani ili wachambuzi wa data washindane kubashiri kituo kipi kitakuwa kibovu. Katika vituo 59,400 ambavyo hali yake ilitajwa, asilimia 38 havikuwa vinatoa maji, na asilimia 7 vingine vilihitaji matengenezo. Ukiisoma namba hiyo kwenye sentensi, utasikitika na kufunga ukurasa. Iweke kwenye ramani uone inavyobadilika. Unakuta vijiji viwili vinavyopakana, kimoja visima vyote vimekufa na cha jirani vinatoa maji. Unabofya: vya huku vilichimbwa na mradi mmoja, pampu ni za aina moja, na hakuna anayechangia hata senti ya matengenezo. Vya kule kila kaya inalipa kidogo kwa mwezi. Injinia wa wilaya akiviona vimekaa jirani hivyo, maswali yanamjia yenyewe. Je, ni umri wa pampu? Ni vipuri visivyopatikana karibu? Ni chumvi inayokula vyuma? Au ni kamati isiyokuwepo? Kila jibu lina bei yake, na bei hizo hazifanani hata kidogo. Kununua pampu mpya pahali ambapo shida ni kamati ni kutupa fedha ya watu.

Hata hivyo, kila nukta ni hali ya siku moja. Aliyepita Jumanne akaona maji yanatoka aliandika kijani, na kijani hiyo inaweza kukaa miaka mitano bila mtu kuigusa. Ndiyo maana siku hizi nikipewa ramani yoyote, kitu cha kwanza ninachotafuta ni tarehe. Nisipoiona, siendelei.

Dar es Salaam ndiko nilikojifunza kwamba anayeishi mahali ndiye anayeijua ramani yake. Desemba 2011 mvua zilizopiga jiji zilikuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Watu wasiopungua 40 walikufa, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya upande wa Kisarawe, unakatiza jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda, na kila mvua kubwa inapokuja eneo la Jangwani linageuka ziwa. Wakati huo ramani nyingi zilikuwa na barabara kubwa tu. Vichochoro vya maeneo kama Tandale, mitaro yake na vyoo vyake havikuwemo. Mwaka huohuo wa 2011 wakazi wa Tandale na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walianza kuichora kata yao. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, uliowakutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na vyuo vikuu, ukapanua kazi hiyo kata kwa kata. Walichokichora walikiingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bila kulipa.

Droni zilirushwa na picha zikawa safi ajabu. Lakini picha ya juu inaonyesha mabati. Haikuambii mtaro umeziba, wala nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea, wala mtaa mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Mipaka ya shina, yaani kundi la nyumba chache zenye mjumbe wao, haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa kichwani mwa mjumbe.

Nilikuwa kijana wa kujitolea katika zoezi moja la uchoraji kwenye kata ya bondeni. Tulimkuta mama mjumbe barazani anachambua mchele. Tukamwamkia, akatupa mkeka. Alipoitandaza karatasi yetu aliigeuza mara mbili, hadi msikiti ukakaa upande aliouzoea, kisha akaomba kalamu. "Shina langu linaanzia kwa muuza mkaa, linafuata huu mtaro, linaishia kwenye mwembe. Hapa mmekosea, wanangu. Huu uchochoro umezibwa na choo cha jirani, mwaka wa tatu sasa. Mtu akizidiwa usiku tunampitishia nyuma." Akakata kwa msalaba njia ambayo sisi tulikuwa tumeichora kwa uhakika kabisa kutoka angani.

Tulipomuuliza maji hufika wapi, hakutaja sentimita. Aliinuka akatuonyesha kwa mwili wake: hapa gotini, nyumba ile kiunoni, kwa fundi cherehani kifuani. Kwenye ukuta wa fundi mstari wa tope ulikuwa bado unaonekana chini ya chokaa mpya. Tukaweka futi kamba: sentimita 94. Tulipita nyumba hadi nyumba kwa mtindo huo, goti, kiuno, kifua, na jioni tulikuwa na ramani ya mafuriko yenye maelezo ambayo kompyuta peke yake isingetupa. Karatasi iliyosahihishwa ilichapishwa na kubandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kamati ya maafa iliitumia kuamua mambo mawili: wazee wa nyumba zipi wanatolewa kwanza, na mtaro upi unazibuliwa kabla ya masika. Ni maamuzi madogo, lakini yalikuwa na watu wa kuyatekeleza na tarehe ya kuyatekeleza.

Siku ileile mzee mmoja alitufungia mlango. Alisema, "Mnatuchora ili mje kutubomolea." Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi ziliwekewa alama ya X nyekundu na tingatinga zikaingia. Kwa mtu aliyeyaona hayo, kijana mwenye simu na kofia anayehesabu nyumba si habari njema. Shirika linalochora watu lina wajibu wa kuwaambia, kabla ya kuanza, ramani itakwenda kwa nani na itatumika kufanya nini. Na kama hilo halijulikani, basi zoezi lisubiri.

Majirani zetu Kenya wana mengi ya kutufundisha hapa. Ushahidi, jukwaa la mtandaoni, ilizaliwa Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, ikikusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani wakati habari zilikuwa ngumu kupatikana. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, jijini Nairobi, walichora mtaa wao, ambao kwenye ramani rasmi ulionekana kama msitu. Kisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu, daladala za kwao, wakiwa na simu na kurekodi njia zaidi ya 130. Mchoro wa Digital Matatus uliotoka 2014 ulipokelewa na mamlaka za jiji, ambazo kabla ya hapo hazikuwa na ramani kamili ya usafiri unaobeba watu wao kila asubuhi.

Sasa niseme la rangi, kwa sababu naona kosa hili karibu kila wiki. Shirika linahesabu wagonjwa, au watoto walioacha shule, au kaya zisizo na choo, linapaka mikoa rangi kwa idadi, na Dar es Salaam inatoka nyekundu kali. Kikao kizima kinashtuka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Katavi haikuzidi sana milioni 1.1. Hesabu chochote kile, Dar itaongoza, hata kama ni viatu. Ramani hiyo inaonyesha watu walipo, haionyeshi shida ilipo. Gawanya kwanza kwa idadi ya watu ndipo upake rangi, na mara nyingi wekundu unahamia mkoa ambao hakuna aliyekuwa anautazama.

Ukishagawanya, linakuja tatizo jingine. Tabora ina zaidi ya kilomita za mraba 76,000, Dar ina 1,393. Macho huvutwa na eneo kubwa, kwa hiyo Tabora ikipakwa rangi iliyokolea inajaza ukuta, huku Dar yenye mamilioni ya watu ikibaki kama punje ya mchele ufukweni. Mimi huweka vyote viwili: ramani, na kando yake chati ya fimbo iliyopangwa kuanzia mkoa wenye hali mbaya zaidi. Mtu akibofya fimbo, mkoa unawaka kwenye ramani. Sijaona diwani wala mkurugenzi aliyeshindwa kuielewa.

Kinachoniumiza zaidi ni dashibodi, zile kurasa za kompyuta zinazokusanya takwimu pamoja, zinazotengenezwa ili zionekane na mfadhili. Nimeshiriki kujenga mbili. Zina grafu za kila aina, zinacheza ukizigusa, na hakuna aliyeniambia zitasaidia kuamua nini. Kwa hiyo sasa kabla ya kufungua kompyuta nauliza: uamuzi gani, anaufanya nani, na lini? Swali la lini ndilo linalosahaulika. Mwaka wa fedha wa Tanzania unaanza Julai 1, na halmashauri zinapitisha makisio yake miezi ya mwanzo wa mwaka. Data nzuri kupita zote ikifika Juni imekuta fedha imeshagawanywa. Ningependa mashirika yapange ukusanyaji wa takwimu zao kwa kufuata kalenda ya halmashauri badala ya kalenda ya ripoti ya mfadhili.

Na tuchapishe. Mtendaji wa kijiji ana simu janja lakini hana bando la kufungua ramani nzito, na umeme ukikatika projekta inazima na kikao. Karatasi kubwa ukutani na kalamu iliyofungwa kwa uzi vinamtosha kuanzia. Kila robo mwaka mtu mmoja aje aipige picha na kuingiza masahihisho kwenye kompyuta, akiandika nani alisema na siku gani. Ni kazi isiyo na mvuto wowote, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayokosa bajeti kila mara, ilhali bila hiyo ramani inazeeka kimyakimya.

Nilimfuata yule mama nje ya ukumbi, tukakaa kwenye kivuli cha mkorosho. Aliniambia vyuma vya ndani ya pampu vimekatika, fundi wa kata amekuja mara moja akasema hana kipuri, na kaya zilizokuwa zinachanga zimeacha kwa sababu hakuna cha kuchangia. Niliyaandika nyuma ya ajenda, nikampelekea injinia wa wilaya jioni ileile. Januari mwaka huu, makisio yalipopita, kisima kile kilikuwa mstari wa 17 kwenye orodha ya matengenezo. Fundi hajafika bado. Mama alinipigia wiki iliyopita kuniuliza. Kwenye nakala yangu nimeshaigeuza nukta ile kuwa nyekundu, nikaandika tarehe na kwamba taarifa imetoka kwa kamati ya maji. Jana nilifungua ramani ya shirika. Bado ni kijani, na ndoo ya bluu bado inajaa maji.