Bando la Kila Mtu, Programu Ile Ile

Jumamosi nilipita Langoni, mtaa wa hapa Amu (Lamu), kumchukua mpwa wangu kwenye mafunzo ya kompyuta, nikatoka na hasira ambazo mpaka sasa hazijapoa. Vijana wamejipanga, kila laptopu ina VirtualBox, ndani yake mashine pepe (kompyuta ya kufikirika inayokimbia ndani ya kompyuta halisi) ya Debian, aina ya Linux, na mkufunzi kawaamuru wote waandike apt install libreoffice, amri ya kupakua na kusakinisha programu za ofisi za LibreOffice. Wote. Kwa pamoja. Kwa hotspoti za simu zao wenyewe. Mpwa wangu akanigeuzia kioo cha simu nisome mwenyewe: bando limekwisha.

"Mjomba, ilikuwa ishafika asilimia 60."

Nikamwuliza mkufunzi, kwa upole (Mungu shahidi yangu), kwa nini asisakinishe mara moja kisha awagawie. Akanijibu kwamba ndivyo inavyofanywa. Inavyofanywa wapi, bwana? Hapa Amu? Basi kila mwenye kujenga akodi boti yake Mokowe, ng'ambo bara, alete mfuko mmoja mmoja wa saruji, na jahazi likae tupu gatini.

Diski ya mashine pepe ni faili. Narudia kwa sababu inaonekana watu wanaisikia halafu hawaiamini: ni faili, kama picha za harusi. VirtualBox hulipa mkia wa .vdi, QEMU, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, mara nyingi .qcow2. Mashine ikizimwa vizuri, faili hilo unalinakili, unalitia kwenye flashi, unampa jirani. LibreOffice uliyoisakinisha ndani inakwenda nalo, pamoja na kila kitegemezi chake (programu nyingine inayoihitaji ili ifanye kazi), na hakuna anayechoma hata MB 1 ya bando. Mwalimu anapakua mara moja, usiku, kwenye wifi ya mtu mwenye moyo mzuri. Asubuhi darasa zima lina programu.

Na anayetumia QEMU ana raha zaidi. Imeji ya msingi, yaani faili la diski la kwanza, anaiacha kama ilivyo, anamtengenezea mwanafunzi faili jembamba juu yake:

qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 asha.qcow2

Mwanzoni faili hilo halifiki hata MB 1, kwa kuwa linahifadhi tu yale yatakayobadilika. Asha akivuruga mfumo wake, na atauvuruga, ndiyo maana kaja kusoma, unafuta asha.qcow2 unaunda jingine kabla hajamaliza kuomba radhi. Sharti ni moja: ukishaanza kujenga juu ya msingi, usiuguse tena. Ukiuwasha ukaandika kitu ndani yake, vyote vilivyo juu vimeharibika. Mimi huondoa kabisa ruhusa ya kuandika kwenye faili hilo, maana siwaamini watu, na wa kwanza nisiyemwamini ni mimi saa sita usiku.

"Na ukitaka kuongeza programu baadaye?" Swali zuri, na jibu lake ni sidii. Sidii ya uongo, namaanisha faili la ISO, ambalo mashine pepe inalisoma kama sidii. Kwenye mashine moja tu unaamuru apt-get install --download-only gimp (pakua tu GIMP, programu ya picha, bila kuisakinisha), pakiti za .deb, faili za kusakinishia, zinabaki /var/cache/apt/archives. Zitoe kwa scp (amri ya kunakili faili kati ya mashine), zikusanye kwenye folda, kisha:

genisoimage -J -R -o programu.iso folda

Chomeka hilo ISO kwenye kiendeshi cha sidii cha kila mashine pepe. Ndani yake unaandika mount /dev/sr0 /mnt, halafu apt install /mnt/*.deb. Kwa kuwa imeji zote zimetoka kwa mama mmoja, hakuna kitegemezi kitakachokosekana. Teknolojia ya sidii, mwaka huu, na bado inawashinda wataalamu wa wingu.

Sasa atatokea mjuaji: "Si utumie folda ya pamoja, inayoonekana kwenye laptopu na ndani ya mashine pepe?" Ili folda ya pamoja ya VirtualBox ifanye kazi, sakinisha Guest Additions, nyongeza zake za ndani ya mashine pepe. Ili Guest Additions zijijenge, unahitaji gcc (kikusanyi cha msimbo) na vichwa vya keneli (faili za kiini cha Linux). Ili upate gcc na vichwa vya keneli... ingia mtandaoni. Ahsante sana. Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba tangu keneli 5.6 ya mwaka 2020 moduli ya vboxsf, inayoendesha folda hizo, imo ndani ya Linux yenyewe, kwa hiyo kwenye mifumo mipya shida imepungua. Imepungua.

Ama wale wanaofungua imeji kwa qemu-nbd (zana ya kuiunganisha kama diski ya kawaida) wakaandika ndani huku mashine inaendelea kukimbia, mifumo miwili inaandika diski moja bila kujuana. Hao siwatetei.

Najua pia kwamba kupakua moja kwa moja kuna maana yake: imeji inachakaa, viraka vya usalama haviji vyenyewe, na mtu mwenye seva mia tano Frankfurt hawezi kutembea na flashi. Sawa. Awe na cloud-init yake (zana ya kuandaa seva zinapowashwa mara ya kwanza) na mtandao wake usiokatika. Sisi tuna bandari mpya ng'ambo, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, lakini mtoto wa Langoni bado ananunua intaneti kwa pesa ya chai. Kumfundisha kompyuta kwa njia inayomla bando ni kumwambia kwamba kompyuta si za watu kama yeye, na mimi hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kulifanyia mzaha.

Imeji ya msingi nimeshaitengeneza: Debian, LibreOffice, GIMP, Python, pamoja na faili la sha256 la kuhakikishia kwamba nakala haikukatika njiani. Anayeitaka aje na flashi, tena aifomati exFAT kabla hajatoka nyumbani. FAT32 haipokei faili la kufika GB 4, na hili ni kubwa kuliko hapo. Mkufunzi naye anakaribishwa.