Maji yakichemka, punguza moto

Mama mkubwa wangu wa Mikindani anauza mbaazi za nazi asubuhi. Miaka yote amezichemsha kwa moto mkali mwanzo mwisho, sufuria wazi, mapovu yakirukaruka, kwa imani kwamba moto mkubwa ndio unaoivisha haraka. Likizo iliyopita nilimwomba tujaribu kitu. Mbaazi nusu kilo kila sufuria, zote zimelowekwa usiku mmoja, maji sawasawa, majiko mawili. Jiko moja tuliliacha liwake. La pili, maji yalipochemka tu, nikafunga kimlango cha chini na kufunika sufuria, yakabaki yanatokota taratibu.

Kila baada ya muda alichota mbaazi moja kwa mwiko na kuiminya kwa kidole gumba. Za sufuria zote mbili zililainika karibu wakati mmoja. Lakini ile ya moto mkali tulishaiongeza maji mara tatu, na mkaa wake ulikuwa umebaki majivu. Akasimama akayatazama yale majivu.

"Sasa mwanangu, mkaa wangu wote huu ulikuwa unakwenda wapi?"

Hilo ndilo swali la kanuni ya kwanza ya themodainamiki, elimu ya joto na nishati, na darasani sijawahi kusikia likiulizwa vizuri kuliko hivyo. Kanuni inasema nishati haizuki wala haipotei. Joto linaloingia kwenye kitu ama linaongeza nishati ya ndani ya kitu hicho, ama kinalitumia kufanya kazi ya kusukuma vilivyo nje yake. Kwa hiyo mkaa wa mama mkubwa uko mahali fulani, na tunaweza kuufuata.

Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunadai kilojuli (kipimo cha nishati) 314 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke, bila halijoto kupanda hata nyuzi moja, kunadai kilojuli 2,257. Mara saba! Mbaazi inaivishwa na nyuzi 100, na hapa kwetu kandokando ya bahari sufuria isiyobana mvuke haivuki hapo hata ukichochea jiko mpaka likawa jekundu. Moto wote wa ziada unalipia mvuke.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie nami kidogo. Hizo kilojuli 2,257 zinagawanyika mara mbili. Lita moja ya maji ikiwa mvuke wa nyuzi 100 inadai nafasi ya lita 1,670 hivi, na nafasi hiyo ilikuwa na hewa. Lazima hewa isukumwe, na kazi hiyo inakula kilojuli kama 170. Zinazobaki, kama 2,087, zimetumika kuzing'oa chembe za maji kutoka kwa wenzake. Hizo ndizo zimeingia kwenye nishati ya ndani. Jumlisha zote mbili, ukipata 2,257, umepata badiliko la enthalpi. Enthalpi ni hesabu kamili ya joto unalotozwa unapopika chini ya mgandamizo wa hewa usiobadilika, yaani katika kila jiko la Mtwara na Lindi.

Mimi nilisoma neno hili kidato cha tano. Niliandika fomula yake kwenye mtihani nikapata alama zote, na kwa miaka kadhaa baadaye sikujua kwamba ilikuwa inazungumzia sufuria. Naliona hilo kosa kubwa la ufundishaji, na linaniuma kwa sababu elimu hii ilianzia kwenye vitu vya kuonekana. Robert Mayer, daktari wa Kijerumani, alifika Java na meli mwaka 1840, akaona damu ya vena za mabaharia, ile inayorudi moyoni, ni nyekundu kupita alivyozoea kwao kwenye baridi. Akaanza kuwaza habari za joto, chakula na kazi ya mwili. James Joule wa Uingereza aliangusha mizigo ya kuzungusha makasia ndani ya maji, akapima maji yalivyopata joto. Nasi tunaanza na herufi ubaoni?

Tazama majaruba ya chumvi ya Lindi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kwa hiyo kilo moja ya chumvi inataka lita kama 28 zikauke. Ukiziacha juani kwenye jaruba au ukizichemsha kwa kuni za mikoko, maji yanayotoka yanadai karibu kilojuli 68,000 zilezile, ukihesabu kutoka maji ya nyuzi 25 hadi mvuke uliopoa hewani kwenye nyuzi hizohizo, kwa kuwa enthalpi inatazama ulipoanzia na ulipoishia, haiulizi umepita njia gani. Kwa kuni kavu hizo ni zaidi ya kilo 4 hata kama hakuna joto lililopotelea pembeni, na kwenye moto wa mafiga linapotea jingi sana. Jua likilipa deni hilo, mikoko inabaki imesimama.

Hata gesi yetu ya Mnazi Bay, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, iko kwenye hesabu hii. Kilo moja ya methani ikiungua inatoa kilojuli 55,000 hivi iwapo mvuke wa maji unaotokana na kuungua huko umerudi kuwa maji, na kama 50,000 tu iwapo mvuke umeachwa uende zake. Mvuke uleule wa sufuria ya mbaazi.

Nina wanafunzi wanne ninaowafundisha jioni. Wiki ijayo kila mmoja anakuja na sufuria na kifuniko, na mzani nimeshaazima kwa mwenye duka jirani. Tutapima sufuria kabla na baada ya kuchemsha nusu saa, gramu zilizopungua tuzizidishe kwa 2.257, tupate kilojuli zilizoondoka na mvuke. Mama mkubwa amesema naye atakuja, na sufuria yake.