VC10 ijengwe, halafu irushwe Nairobi

Wapo wanaojenga ndege ndogo za kuweka kabatini, na wapo tunaojenga za kurusha. Sina ugomvi na wa kabatini. Wana subira ya kupaka rangi kila fremu ya dirisha, subira ambayo mimi sijajaliwa. Lakini kwa ndege za jeti za abiria walizounda Waingereza miaka ya 1950 na 1960, msimamo wangu ni kwamba usipoirusha hujaielewa. Na ukitaka kuielewa Vickers VC10 vizuri zaidi, irushie mahali ilipotengenezewa kuruka, yaani huku juu kwetu.

VC10 ilipaa mara ya kwanza tarehe 29 Juni 1962 kutoka Brooklands, Weybridge. BOAC ndilo shirika la ndege la Uingereza lililoiagiza, na lilitaka ndege itakayoondoka na mzigo kamili kwenye viwanja vya joto na vya nyanda za juu kama Kano, Nairobi na Johannesburg. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, na jua la saa nane likishika inazidi kupungua uzito. Hapo unapunjwa mara mbili: bawa linabeba kidogo na injini inasukuma kidogo. Wahandisi wa Weybridge wakazipeleka injini zote nne, Conway za Rolls-Royce, huko nyuma karibu na mkia. Bawa likabaki tupu toka shinani hadi nchani, likapata nafasi ya kuwekewa vibawa vya mbele na vya nyuma vinavyofunguka wakati wa kupaa na kutua.

Haya yote unaweza kuyasoma. Ukiijenga unayapata mikononi.

Kwa uwiano wa 1 kwa 24, Super VC10, yaani VC10 iliyorefushwa, inakuja na mabawa ya mita 1.86 toka ncha hadi ncha na urefu wa karibu mita 2.2. Ile halisi iliruhusiwa kupaa na tani 152 hivi. Gawanya hizo kwa 24, mara tatu (urefu, upana na kimo), unapata kilo 11. Ukijenga ndege ya fomu, lile povu gumu jepesi, ya kilo 11 yenye feni nne za umeme za milimita 50, unachoweza kufanya nayo ni kuiendesha uwanjani kama gari. Yangu iko chini ya kilo nne na bado napiga msasa upande wa ndani wa kiwiliwili nikitafuta gramu za kupunguza. Wenzetu wa Uingereza, wanaorushia karibu na usawa wa bahari, hutumia feni hizihizi na ndege inaondoka kwa madaha. Ukiileta Nairobi na vibawa vimefungwa, inakimbia, inakimbia, mpaka unaanza kuuangalia ua wa jirani. Fungua vibawa vya nyuma hadi nusu, ile ndege inanyanyuka bila hata kuvutwa pua. Hapo ndipo nilipoacha kuviona vibawa kama pambo la kuongeza kazi.

Ugumu wenyewe uko mkiani. VC10 ina mkia wa umbo la T, bawa dogo limekaa juu kabisa ya pezi, ule ubao wa wima wa mkia. Ongeza feni nne, nyaya zake na vidhibiti mwendo, na uzito wote unakimbilia nyuma. Kila gramu unayoiweka kule inadai gramu kadhaa puani ili ndege ikae sawa, na madini ya risasi ya kuzidisha uzito puani ni mzigo usiofanya kazi yoyote. Kwa hiyo pezi langu ni mti mwepesi wa balsa wa milimita mbili juu ya mbavu, si fomu iliyojaa. Servo, ile mota ndogo ya kuinua na kushusha pua, nimeiweka chini, kwenye kiwiliwili, na kijiti chembamba cha kaboni kinapanda ndani ya pezi hadi kwenye bawa la juu. Kijiti hicho kikilegea hata kidogo, bawa la juu linatetemeka na ndege huna. Nimekipitisha kwenye vipande vya mrija wa plastiki kila baada ya sentimita tano. Betri ziko mbele kabisa, chini ya chumba cha marubani, na bado haitoshi.

Huu si usumbufu wa sisi wa ndege ndogo peke yetu. Oktoba 1963 ndege ya majaribio ya BAC One-Eleven, nayo ya mkia wa T, ilianguka Uingereza na kuua wote waliokuwamo. Pua ilipoinuka kupita kiasi, hewa iliyovurugwa na mabawa ikaufunika mkia, na mkia ukakosa nguvu ya kuirudisha pua chini. Uzito ukiwa nyuma sana, ndege yako ndogo itakufanyia vilevile. Hakuna atakayekufa, ila kazi ya miezi itarudi chini imelala tumbo kama jani.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Embakasi enzi za East African Airways alinikuta naunganisha mkia. Nikadhani atasifu. Akakodoa macho, akasema, “Kijana, hiyo risasi hapo juu mbona fupi?” Alikuwa anasema ile sehemu iliyochongoka pale pezi linapokutana na bawa la juu. Nikamwambia, mzee, ni uzito. Akatikisa kichwa akasema VC10 bila risasi yake si VC10. Nimeirefusha, kwa karatasi iliyopakwa gundi.

Comet, jeti nyingine ya Waingereza, ni mtihani wa aina nyingine. Hiyo ndiyo iliyoanzisha safari za abiria kwa jeti, tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg, na ilitua Entebbe njiani. Injini zake nne zimezikwa kwenye mashina ya mabawa, na ndiyo maana wengi, mimi nikiwemo, tunaiona nzuri kuliko zote. Lakini injini ya jeti ya zamani ilimeza hewa kidogo na kuitoa kwa kasi kubwa, wakati feni ya umeme inataka hewa nyingi. Yale matundu ya mbele ya Comet hayatoshi. Wajenzi hukata tundu la ziada chini ya bawa, mahali pasipoonekana ndege ikiwa chini. Wenye kupima kwa rula hulalamika kwamba huo ni udanganyifu. Waache walalamike. Ndege iliyo sahihi kwa milimita lakini haipai imekosea jambo kubwa kuliko tundu.

Trident, jeti ya Waingereza yenye injini tatu, sitaigusa. Injini yake ya katikati inavuta hewa kupitia bomba lililopinda, na wengi huishia kuweka ya bandia. Gurudumu la mbele nalo limekaa pembeni, si katikati, na linakunjwa kwenda ubavuni.

Watu huniuliza kwa nini nisijenge Boeing 787 ya Kenya Airways, injini chini ya mabawa, fomu ya kununua, jioni mbili umemaliza. Ni kweli. Lakini toa rangi kwenye 787 na Airbus A350, ziweke juu mita mia, kisha uniambie ipi ni ipi. VC10 huwezi kuikosea hata ukiwa umefumba jicho moja. Kibiashara ilikuwa hasara, hilo sibishi: zilijengwa 54 tu, maana viwanja viliongeza urefu wa njia zake na Boeing 707 ikawa na gharama nafuu.

East African Airways ilichukua Super VC10 tano, kuanzia 1966, zikiandikishwa kwa zamu Uganda, Tanzania na Kenya. Ile ya nambari ya usajili 5X-UVA iliteketea Addis Ababa mwaka 1972, watu 43 wakafa, na hiyo sitaiandika kwenye ubavu wa ndege ya kuchezea. Nne zilizobaki, shirika lilipovunjika mwaka 1977, zilirudi Uingereza zikafanywa matangi ya kujazia mafuta angani kwa jeshi la anga, kazi iliyoendelea hadi 2013. Wajenzi wengi wa huko huzipaka kijivu cha jeshi. Kwangu ni 5H-MOG, ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, na rangi ni za East African.

Kama ndio unaanza, usianze na hii. Anza na One-Eleven. Feni ni mbili tu, Air Malawi waliirusha kwa hiyo huhitaji kuazima rangi za mbali, na matatizo ya mkia utayakuta yote humo kwa nusu ya gharama. Betri puani. Vibawa vya nyuma usiviruke, hasa kama uko Nairobi au Eldoret.