Flashi ya nyimbo: nani hasa anamwibia msanii?

Muulize mtu anayetoka kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo pale Igoma au Kirumba kama ameiba. Atakushangaa, kwa sababu amelipa. Kijana wa kibandani kachomeka flashi kwenye kompyuta, kamwekea folda zima la nyimbo za Kisukuma, kamwongezea na muvi zilizotafsiriwa na DJ, kapokea hela yake. Kwa watu wengi wa Mwanza hiyo ni biashara kama biashara nyingine. Msanii hatajwi popote.

Wanaoitetea wana hoja za kusikilizwa. Mvuvi aliyeko kambini Ukerewe hana duka la filamu halali karibu, na bando lake huisha kabla muvi haijafika katikati. Halafu kuna hili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: flashi huzifikisha nyimbo za Kisukuma vijijini, na mwimbaji akishajulikana huitwa kwenye harusi na sherehe, ambako analipwa. Anayeanza yuko tayari hata kuzipeleka nyimbo zake vibandani mwenyewe, bure.

Lakini huyo ametoa kwa hiari yake, na hiari ya mmoja haiwezi kuwa ruhusa ya wote. Tena mtengeneza filamu haalikwi harusini kuonyesha filamu yake. Kalipa waigizaji, kamera na mhariri. Mauzo yakimpita, hana pa kufidia. Hapo siwezi kukubali kwamba hakuna aliyeumia.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haiwaweki wote kapu moja. Imeacha nafasi kwa anayenakili kazi iliyotolewa kihalali kwa matumizi yake binafsi. Anayenakili ili auze bila idhini ni mkosaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ikagusa hakimiliki. Kwa hiyo mwenye flashi na mwenye kibanda hawako sawa, ingawa mitaani tunawatetea, au tunawalaani, kwa pamoja.

Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Wazo lilikuwa zuri, ila stempu hubandikwa kwenye kasha, na flashi haina kasha. Msako nao una kikomo: ukichukua kompyuta ya kibanda kimoja, mteja anasogea cha jirani au anaingia Telegram.

Mimi ningeanza na kibanda chenyewe. Kipewe leseni, kilipie mirabaha ya kile kinachouza, kama wakala wa pesa za simu anavyofanya kazi kwa kusajiliwa. Mteja keshazoea kulipa pale. Na waimbaji wa Magu na Misungwi waketi mezani tangu mwanzo viwango vikipangwa, maana vikipangiwa Dar es Salaam peke yake, wimbo wa Kisukuma utakumbukwa mwisho.